Swichi ya Katikati

Wanafunzi waliniita Dada Fyuzi, kwa sababu nakatika haraka. Hawakuniita hivyo mbele yangu, lakini maabara ile ilikuwa na mwangwi na mimi nina masikio. Mjomba wangu walimwita Mwalimu Mstari. Yeye alilijua jina lake na alilipenda, akisema afadhali mstari kuliko mambo mengine wanayoitwa walimu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama yangu. Mama alipofariki ndiye aliyenichukua na kunilea, ndiye aliyenitia darasani kwake nikajifunza elektroniki, na ndiye aliyenisemea nikapata kazi ya ufundi wa maabara katika chuo hicho hicho alichofundisha. Nyumbani nilimwita mjomba, kazini nilimwita mwalimu, na nikikasirika sikumwita kabisa. Mkewe alitangulia zamani bila kuacha mtoto, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili na sufuria zetu.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, kinachonuka risasi ya kuchomelea na vumbi lililopata moto. Juu ya kila meza palikuwa na osiloskopu moja, zile za zamani, nzito kama mtungi wa gesi, zenye kioo kidogo kilichochorwa miraba na vitufe vya kuzungusha vilivyojaa uso mzima. Ukiiwasha unaisubiri ipate moto, kisha nukta ya kijani inatokea na kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, upesi kiasi kwamba jicho linaona mstari. Ukigusisha waya wa kupimia mahali penye umeme, mstari unapanda na kushuka kadiri umeme wenyewe unavyopanda na kushuka. Vyuo vingine vilikuwa na mashine mpya za kisasa, unabonyeza mara moja zinajipanga na kukuandikia jibu pembeni. Mjomba alisema hizo ni za watu wenye haraka ya kukosea.

Kwake kulikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka ikawa kero. Andika unachokiona, usiandike unachokijua. Nilipokuwa mwanafunzi wake aliwahi kuniwekea saketi, nikatazama kioo, nikachora wimbi zuri la mviringo kama la kitabuni, na hesabu zangu zote zikawa sahihi. Kumbe alikuwa amechomeka kifaa kibovu makusudi, na lile wimbi kileleni lilikuwa limekatwa kama kichwa kilichopigwa panga. Nilikuwa nimeliona. Nilidhani ni ubovu wa mashine, nikalinyoosha kwa wema wangu. Akanipa sifuri, mimi, damu yake, mbele ya darasa. Nilimnunia, nikakataa kupika, naye akala mkate na chai jioni baada ya jioni bila kulalamika wala kunibadilishia alama.

Kuna jambo lingine lazima nilieleze mapema. Kwenye mashine zile kuna kijiswichi cha nafasi tatu. Ukikiweka katikati, mashine inafunga mlango wa kuingilia umeme, na hata ukiichomekea radi haitaonyesha kitu. Mstari unalala mtupu, nawe unaupandisha au kuushusha mpaka ukae sawasawa juu ya mraba wa katikati. Hapo ndipo sifuri yako. Kisha unakirudisha kijiswichi juu, wimbi linaingia. Kila mwanafunzi mgeni husahau kukirudisha, akakaa anaukodolea macho mstari mtupu na kuapa kwamba mashine imekufa. Ukawa ndio utani wetu. Mtu akizubaa, unamwuliza, "Vipi, uko katikati?"

Shida ilianza na vioo kuungua. Ndani ya kioo kuna unga unaowaka ukipigwa na ile nukta, na nukta ikiwa kali mno kwa muda mrefu, unga unakufa, panabaki alama ya kahawia isiyofutika. Ndiyo maana ukutani palikuwa na tangazo kwa mwandiko wa mjomba mwenyewe: PUNGUZA MWANGA. Miaka yote vioo vyetu vilikuwa safi. Halafu siku moja nikaona mkwaruzo wa kahawia katikati ya kioo kimoja. Muhula uliofuata vikawa viwili, kisha meza kwa meza, na alama zote zilikuwa pale pale, juu ya mraba wa katikati, zimenyooka kama zimepigwa rula.

Niliwawakia wanafunzi. Darasa la mwaka wa mwisho lilikuwa dogo na tulivu, na kiranja wao alikuwa binti mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezoea kukunja mikono ya koti lake la maabara kabla ya kugusa chochote. Niliwasimamisha wote. Nikawaambia mikono yao haina adabu, kwamba mashine hizi zilikuwa zinafanya kazi kabla wao hawajaota meno na zingeendelea kufanya kazi kama si wao. Kiranja akasema, samahani dada, tutakuwa waangalifu. Wengine wakatazama sakafu. Kioo kingine kilipoungua nikawawakia upya, na wakaomba radhi upya.

Mjomba alinisikiliza nikilalamika nyumbani na hakutia neno. Siku hizo alikuwa ameanza kunipa karatasi za wanafunzi nimsomee, eti miwani imechakaa. Alikuwa anaifuta miwani ile mpaka nikamwambia ataitoboa. Alijikwaa kwenye ngazi za chuo akamlaumu mfagiaji. Mimi nikaona ni uzee na kudeka, nikamtania kwamba anatafuta mke wa kumshika mkono.

Nilijua ukweli mchana mmoja, wakati wa mapumziko. Niliingia maabara kuchukua koleo nikamkuta peke yake, ameinama mbele ya mashine, pua karibu igusane na kioo. Kitufe cha mwanga kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Mstari ulikuwa mnene, umevimba, unatoa ukungu wa kijani uliomulika kidevu chake. Na yeye alikuwa anakisogeza kichwa huku na huku, polepole, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Mjomba, unakiunguza," nikasema.

Akashtuka. "Nini?"

"Kioo. Mstari umewaka kupita kiasi."

Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Uko wapi?"

Nikamshika kidole nikakiweka juu ya kioo, pale pale ulipokuwa mstari. Kisha nikapunguza mwanga, nikavuta kigoda nikakaa.

Daktari wa macho hakuzungusha maneno. Alisema ni presha ya macho, kwamba imekuwa ikila mshipa wa ndani taratibu kuanzia pembeni, mtu hashtuki mpaka imefika katikati, na mshipa ukishakufa haufufuki. Akatupa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Nikamwuliza kimebaki nini. Akasema jicho la kushoto hakuna, la kulia kidogo sana, na hicho kidogo nacho hawezi kukiahidi. Mjomba akamshukuru kana kwamba amepewa zawadi. Njiani aliniomba nimweleze mabango ya madukani yanasema nini, nikamsomea moja moja mpaka nyumbani, nikilia bila kutoa sauti. Nilidhani hajui. Kufika mlangoni akanipa leso yake.

Mtihani wa vitendo wa mwaka wa mwisho ulikuwa umekaribia. Anakuja mtahini kutoka nje, na kanuni inasema mwalimu wa somo ndiye anayeandaa wimbi la mtihani kwa mkono wake na kusaini. Chuo hakikuwa na mwalimu mwingine wa elektroniki. Mkuu wa chuo alikuwa ameshasema waziwazi kwamba siku Mwalimu Mstari akistaafu chumba kile kitapewa kazi nyingine, na vyuma vile vitatafutiwa pa kwenda. Kwa hiyo ikijulikana sasa hivi kwamba mwalimu haoni, darasa halitafanya mtihani, na bila mtihani hawana cheti, na bila cheti miaka yao yote pale ilikuwa kazi bure.

Mjomba alinieleza hayo mezani, kana kwamba siyajui. Akasema hataki kitu kingine. Anataka kulivusha darasa lile moja tu, la mwisho, kisha atarudisha funguo mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Nisaidie niwavushe," akasema. "Baada ya hapo nikae gizani, si neno."

Nilikubali. Ningekataaje? Tukaanza kufanya mazoezi kama watu wanaojiandaa kwa mchezo wa kuigiza. Mashine zile alizijua kwa vidole kuliko mimi ninavyozijua kwa macho, kila kitufe na mlio wake. Kilichomshinda ni mwanga tu, na kujua kama mstari upo. Tukapatana kwamba siku ya mtihani nitasimama nyuma kwenye swichi kuu, mahali ambapo kanuni inamtaka fundi akae. Nikikohoa mara moja, apunguze mwanga. Nikikohoa mara mbili, mstari umepotea au kuna jambo limeharibika. Nilikohoa sana wiki hizo hata jirani akaniletea tangawizi.

Na kwa kuwa vioo vyote vilikuwa na makovu, nilitoa stoo mashine moja iliyokaa kwenye boksi lake tangu iletwe, ya akiba. Kioo chake kilikuwa safi kabisa. Niliipangusa, nikaiwasha, ikatoa mstari mwembamba kama uzi. Vitufe vyake vilikuwa vigumu bado, havijazoea mkono wa mtu. Mjomba akavipapasa vyote akasema inafaa, ni kama nyingine, ila ina kiburi.

Siku ikafika. Mtahini alikuwa mtu mwembamba, mpole, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Aliwasalimia wanafunzi, akakaa kwenye meza ndogo karibu na mlango na kupanga karatasi zake. Mimi nikaenda nyuma. Wanafunzi wakakaa kwenye viti vyao, makoti yamepigwa pasi. Kiranja alikuwa ameshakunja mikono yake.

Mjomba alitembea kutoka mlangoni hadi meza ya mbele bila kugusa kitu, na moyo wangu ulimsindikiza kila hatua. Akawasha mashine. Akasubiri. Akazungusha kitufe cha mwanga, na mstari wa kijani ukatokea, mwembamba, mzuri, hata sikuwa na haja ya kukohoa. Nikaona anakiweka kijiswichi katikati na kuupandisha mstari mpaka ukakaa juu ya sifuri. Huo nao aliupata kwa kuhesabu mizunguko ya kitufe, kama tulivyofanya mazoezi. Kisha nikaona kidole chake kinakisukuma kijiswichi juu, na wakati huo huo mtahini akasimama na kuwaambia wanafunzi wasogee mbele wapange mstari, na migongo yao ikanizibia kioo.

"Nimewawekea wimbi," mjomba akawaambia. "Safi, halina hila. Njooni mmoja mmoja mlisome. Mnaijua sheria yetu."

Kiranja alitangulia. Akasimama mbele ya kioo muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Akamtazama mjomba, na mjomba alikuwa amesimama pembeni ya mashine anatabasamu, mikono nyuma, kama mwenye nyumba aliyekaribisha wageni. Kisha akainama akaandika. Akafuata mwingine, naye akasimama, akamtazama mwalimu, akaandika. Ndivyo walivyopita wote. Chumba kilikuwa kimya, nikajiambia kwamba ni kimya cha mtihani. Nilifurahi. Naona aibu kusema, lakini pale kwenye swichi kuu nilikuwa nawaza nitampikia nini jioni.

Wa mwisho alipoondoka mbele ya kioo, ndipo nikakiona.

Mstari ulikuwa umelala. Mtupu, umenyooka, juu ya sifuri. Hakukuwa na wimbi. Kijiswichi cha mashine ile mpya kilikuwa kigumu, kilipokea msukumo wa kidole na kurudi kilipokuwa, katikati.

Nikakohoa mara mbili. Lakini mtahini alikuwa ameshakusanya karatasi zao na kufika pale mbele, na mjomba alikuwa amemgeuzia yeye sikio. Mtahini alitazama karatasi ya kwanza, akatazama kioo. Akapekua ya pili na ya tatu. Akavaa miwani, akapekua zote tena kuanzia mwanzo. Kisha akamwita kiranja amsomee alichoandika.

"Wimbi la kawaida," binti akasema, sauti haisikiki vizuri. "Miraba miwili juu, miwili chini. Mizunguko elfu moja kwa sekunde."

"Umeliona kwenye kioo hiki?"

"Ndiyo," akasema.

"Na wewe mwalimu, unaliona?"

Mjomba akaugeuza uso wake kwenye mashine. "Linaonekana vizuri," akasema. "Miraba miwili juu, miwili chini."

Nilikohoa tena, mara mbili, kwa nguvu, hata koo likaniuma, na safari hii alinisikia. Tabasamu likamtoka. Mkono wake ukainuka, ukatambaa juu ya uso wa mashine kutoka kitufe hadi kitufe, mpaka kidole kikafika kwenye kijiswichi na kukaa hapo.

"Kiko katikati," akasema.

"Kiko katikati," mtahini akakubali.

"Na wao wameandika nini?"

"Wimbi. Wote. Miraba ile ile, mizunguko ile ile."

"Hakuna hata mmoja aliyeandika mstari?"

"Hakuna, mwalimu."

Wimbi lile ndilo alilozoea kuwawekea kila siku ya mazoezi, ndiyo maana walilijua kwa kichwa. Mtahini hakuwa na njia ya kulijua hilo. Alisema kwa upole, karibu kwa kunong'ona, kwamba darasa zima lina jibu moja la kitu ambacho hakipo, na kwamba jambo hilo lina jina lake. Mjomba akasema hakuwapa jibu. Akavua miwani, akaikunja na kuiweka mezani.

"Mimi sioni," akasema. "Ni muda sasa."

Kiranja akaanza kulia. Na mjomba akawageukia wanafunzi, si pale hasa walipokuwa, bali kidogo pembeni yao, ambapo palikuwa na kabati.

"Mlikuwa mnajua?"

Kiranja akalia zaidi.

Mimi nilishaacha swichi kuu na kanuni yake. Nilimfuata mtahini, nikamwambia akirudishe kijiswichi juu, awaite tena mmoja mmoja, haitachukua muda, hawa watoto wanajua kazi, awaulize chochote. Nikamwambia kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananiamini, na anamwamini mwalimu pia, na laiti angekuwa na ruhusa. Lakini karatasi zimeshakusanywa na kusainiwa.

"Mimi natakiwa kuandika nilichokiona, dada," akasema. "Siwezi kuandika ninachokijua."

Hapo fyuzi ikakatika. Nilifungua mdomo nimpe ya kwake, na nilikuwa nayo mengi. Mjomba akainua mkono.

"Mwache aandike."

"Mjomba," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya wanafunzi.

"Mwache. Mimi ndiye niliyefundisha hivyo."

Mtahini akaandika. Kalamu yake ilikuwa na mlio wa kukwaruza, na sote tulisimama tukaisikiliza mpaka ikamaliza.

Baadaye nilimkuta kiranja nje, amekaa kwenye ukingo wa mtaro, koti la maabara amelikunja mapajani. Nilikwenda nikiwa na nia ya kumfokea. Nikamwuliza kwa nini, yeye mwenye akili kuliko wote, hakusema tu kwamba swichi iko katikati. Ni neno la mzaha hilo, wanalisema kutwa.

Akasema alipoona mstari alitaka kusema. Kisha akamwona mtahini yuko pale, akamwona mwalimu anavyotabasamu. "Ningesema, ingejulikana haoni. Nikasema niandike wimbi la kila siku, nikose mimi peke yangu. Sikujua na wenzangu watafanya hivyo hivyo."

Kila mmoja alikuwa ameamua kivyake kumwokoa.

Nikamwuliza walijua tangu lini. Akasema tangu mwaka uliopita. Wao ndio waliokuwa wanapita nyuma yake kupunguza mwanga kwenye kila meza aliyotoka kufundishia. Siku wakichelewa ndiyo siku kioo kinaungua.

"Na mimi nikawatukana," nikasema. "Mbona mlikaa kimya?"

"Tungesema, ungejua kwamba haoni, dada."

Nikakaa naye pale kwenye mtaro.

Matokeo ya darasa zima yalifutwa, na mbele ya majina yao likaandikwa neno udanganyifu. Chuo kingine hakiwapokei wenye neno hilo, na chetu hakikuwa tena na somo lenyewe. Mkuu wa chuo alichukua funguo kutoka kwangu, kwa adabu, akauliza hali ya mzee. Siku waliyotoa mashine nilikwenda kutazama. Walizipanga nje ukutani, juani, vioo vimeelekea njia, kila kimoja na kovu lake. Nikaomba moja. Wakaniambia nichukue yoyote. Ile safi ilikuwa imeshapata mwenyewe, kwa hiyo nikabeba iliyoungua kuliko zote, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyokuwa akiitumia zaidi.

Niliiweka kwenye meza ya chakula. Mjomba huiwasha asubuhi, husikiliza inavyopata moto, huzungusha vitufe, huzima. Haniulizi inaonyesha nini. Kile kidogo cha jicho la kulia nacho kimeondoka.

Wanafunzi wake walikuja kumsalimia, mmoja mmoja, na kila mara alijifungia chumbani akasema niwaambie amelala. Nilimgombeza. Nilimwambia watoto wale walimpenda hata wakajiumiza, na kwamba roho yake imekuwa ngumu. Akasema hana kinyongo nao. Shida ni kwamba kila akisikia sauti zao anajiuliza aliwafundisha nini miaka yote hiyo, ikiwa siku waliyotakiwa kusema kitu kimoja walichokiona hakuna aliyeweza, na sababu ni yeye.

Kiranja aliendelea kuja. Siku hizi anauza vifuniko vya simu dirishani kwa mtu, na mwenye duka hamruhusu kushika kichomeo cha kutengenezea simu, kwa sababu hana cheti. Jana alikuja, mjomba akiwa mezani, mashine ikiwa imewashwa, naye mjomba hakupata muda wa kukimbilia chumbani. Binti akamwamkia. Mjomba akaitikia. Nikaleta chai, nikakaa, na hakuna aliyenyoosha mkono kuichukua.

"Karibia," mjomba akasema. "Tazama hapo kwenye kioo. Unaona nini?"

Kiranja akanitazama mimi. Nikatazama kikombe changu. Mashine haikuwa imechomekewa waya wowote wa kupimia. Akainama, na mwanga wa kijani ukamfika usoni.

"Mstari mtupu, mwalimu," akasema. "Hakuna wimbi."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali.

"Hapo ungepata alama zote," akasema.

Binti alikaa mpaka chai ikapoa, kisha akaaga, nami nikamsindikiza hadi barabarani.